Kutoka Taswira hadi Jazanda: Safari ya Picha za Ghasia za Kisiasa na Kimya cha Kitui na Makueni

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna picha ya habari inayoonyesha ghasia za kisiasa inavyovuka mpaka wa siku yake na kuwa alama ya kudumu katika kumbukumbu ya jamii. Kwa kutumia mkabala wa semiotiki pamoja na istilahi mbili zilizozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani taswira na jazanda, tunaonyesha kwamba ukali wa tukio pekee hautoshi kuigeuza picha kuwa alama. Mambo manne huhitajika: umbo ambalo jamii inalitambua tayari, maelezo yanayoitia nanga, uenezi, na jina. Mifano imetolewa zaidi katika historia ya Kenya, kisha ikapimwa kwa matukio ya Kitui na Makueni ambayo picha zake hazikuvuka, au hazikupigwa kabisa. Makala yanahitimisha kwamba mahali ambapo kamera haikufika, kazi ya kuhifadhi kumbukumbu huwa imeachiwa lugha, na kwa hiyo wanafunzi wa lugha wana wajibu wa kuitekeleza.

1. UTANGULIZI

Mwezi Januari mwaka 2008, shule zilipofunguliwa kwa kuchelewa, nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi kijijini, Kitui Kusini. Kama ilivyokuwa desturi, tulijalidia madaftari yetu kwa magazeti ya zamani. Jalada la daftari langu la Hisabati lilitokea kuwa na picha ya kijana aliyeinua panga, nyuma yake moshi mzito. Mwalimu wetu alipoiona aliniagiza nilivue gazeti hilo na kuligeuza, ili upande wenye matangazo ya biashara ndio uwe nje. Nililigeuza. Hata hivyo, muhula mzima nilijua kilichokuwa ndani.

Miaka michache baadaye jirani yetu, mkulima wa kawaida, aliuawa katika mojawapo ya mapambano baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia. Hakuna mpiga picha aliyefika. Siku ya mazishi, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho chake, iliyokuzwa studioni hadi uso ukapauka.

Swali linaloongoza makala haya limetokana na mambo hayo mawili. Kwa nini ninaikumbuka hadi leo sura ya kijana nisiyemjua, katika mji ambao sikuwa nimewahi kuufika, na hali Wakenya wa mbali hawajui lolote kuhusu jirani yangu? Ni kitu gani huipa picha moja uwezo wa kuishi katika kumbukumbu ya taifa zima, na kuinyima nyingine?

Ni muhimu kutaja kwamba Kitui na Makueni hazikuwa kitovu cha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki iliorodhesha vifo 1,133 nchini, na vingi vilitokea Bonde la Ufa, Nyanza, Nairobi na maeneo ya magharibi. Kwa wakazi wengi wa sehemu hizi mbili za Ukambani, ghasia ziliingia nyumbani kupitia redio, runinga, gazeti, na masimulizi ya jamaa waliorejea kutoka mijini. Yaani, zilikuja kwanza kama picha na maneno. Hali hii inaifanya Ukambani kuwa mahali panapofaa kuchunguzia suala hili, kwani anayetazama kutoka mbali ndiye hasa ambaye picha ya habari hupigwa kwa ajili yake.

2. MSINGI WA NADHARIA

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), aligawa alama katika makundi matatu. Kuna alama inayofanana na kitu inachokiwakilisha, kama mchoro wa nyumba unavyofanana na nyumba. Kuna alama inayounganishwa na kitu chake kwa uhusiano wa hakika, kama moshi unavyoelekeza kwenye moto. Aidha, kuna alama ambayo maana yake hutokana na makubaliano ya watu, kama neno au bendera. Picha ya kamera ina upekee wa kuwa katika makundi mawili ya kwanza kwa wakati mmoja: inafanana na mtu, na tena imetokana na mwanga uliomgusa mtu huyo. Ndiyo maana tunaiamini upesi kuliko tunavyouamini mchoro.

Picha ya habari inapokuwa alama ya kudumu, huwa imeingia katika kundi la tatu pia. Watu huwa wamekubaliana, bila kikao chochote, kwamba picha hii itawakilisha jambo kubwa kuliko lile linaloonekana. Robert Hariman na John Louis Lucaites, katika utafiti wao wa mwaka 2007, wanaeleza kwamba picha za aina hii hutambuliwa na umma mpana, huhusishwa na matukio yenye uzito wa kihistoria, huamsha hisia kali, na hurudiwa katika vyombo na mahali pengi.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili alielewe jambo hili. Tumefundishwa kutofautisha taswira na jazanda. Taswira humfanya msomaji aone, asikie au aguse kitu akilini. Jazanda ni picha iliyobebeshwa maana nyingine, zaidi ya ile inayoonekana juu juu. Katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), kisima ni mahali pa kuteka maji; ni taswira. Lakini kifo kinapotokea hapo, kisima kinageuka kuwa chemchemi ya uhai iliyofanywa mahali pa mauti, na msomaji anaanza kuiona nchi nzima ndani yake. Taswira imekuwa jazanda. Hoja yetu ni kwamba picha ya habari hupitia safari iyo hiyo. Siku ya kwanza huwa taswira ya tukio. Ikijaliwa, huwa jazanda ya enzi.

3. MAMBO MANNE YANAYOIVUSHA PICHA

3.1 Umbo linalotambulika

Jambo la kwanza ni umbo. Picha huvuka kwa urahisi inapofanana na picha nyingine ambayo watazamaji wanayo tayari akilini. Mfano unaojulikana sana barani Afrika ni ule wa Soweto, tarehe 16 Juni 1976. Sam Nzima, mpiga picha wa gazeti la The World, alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akiwa amembeba mikononi mvulana Hector Pieterson aliyepigwa risasi na polisi, huku dada yake Hector, Antoinette, akikimbia kando yao mkono ukiwa juu. Siku hiyo walikufa watoto wengine, na picha nyingine zilipigwa. Lakini picha hii ilikuwa na umbo la mwili wa asiye na hatia ukiwa umepakatwa, umbo ambalo wachongaji na wachoraji wa Kikristo wamelirudia kwa karne nyingi.

Hapa Kenya, tarehe 10 Juni 1999, siku ya kusomwa kwa bajeti, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alipigwa nje ya majengo ya Bunge na watu waliovaa kiraia, katika maandamano ya kudai mageuzi ya katiba. Alikuwa amewahi kupigwa tena tarehe 7 Julai 1997 ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Picha ya mwaka 1999 inamwonyesha mtu wa Mungu akiwa chini barabarani, wenye nguvu wakiwa wamemsimamia. Katika makanisa ya Kikatoliki yaliyotapakaa Kitui, ukutani kuna picha 14 za Njia ya Msalaba, na katika tatu kati ya hizo Yesu anaanguka. Muumini aliyekulia mbele ya picha hizo hahitaji kuelezwa nani mwonevu na nani mwonewa katika picha ya Njoya. Jicho lake limekwisha kufunzwa. Hata muumini wa Makueni, ambako Kanisa la AIC limeenea na kuta zake hazina sanamu, anayo simulizi hiyo kichwani kutokana na mahubiri.

Hali kadhalika, picha ya Goran Tomašević wa shirika la Reuters, iliyopigwa katika jengo la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, haionyeshi maiti wala damu. Inaonyesha mtoto wa kike akikimbia peke yake kumwelekea mwanamume, Abdul Haji, aliyemnyooshea mkono. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo, lakini picha iliyodumu ni ya mtoto anayekimbilia mkono. Hivyo basi, si lazima picha iwe ya kutisha ndipo ivuke. Inatosha iwe na umbo ambalo moyo unalijua.

3.2 Maelezo yanayotia nanga

Jambo la pili ni maneno. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964, alieleza kwamba picha ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba maandishi yaliyo chini yake huitia nanga ili isipeperuke. Kwa lugha yetu twaweza kusema mwamba ngoma huvutia kwake: kila aliye na picha huiwamba kuelekea upande wake.

Mfano ulio wazi kabisa ni picha ya Dedan Kimathi iliyopigwa alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Kimathi amelala, amefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotana. Serikali ya kikoloni iliisambaza picha hiyo kuwa ushahidi kwamba vita vimekwisha na kiongozi wa msituni ameangushwa. Nanga yake ilikuwa neno moja: gaidi. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Lakini nanga iling'olewa. Baada ya uhuru, picha ile ile, bila kubadilishwa hata doa, ilisomwa kwa maelezo mengine: shujaa aliyejitoa kwa ajili ya ardhi yake. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliijibu simulizi ya mkoloni kwa tamthilia yao ya mwaka 1976, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Mzalendo Kimathi. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, sanamu yake ilizinduliwa katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi. Sanamu hiyo haikulala. Imesimama, bunduki mkononi. Mtu aliyelazwa na kamera ya mkoloni alisimamishwa na mchongaji.

Tunalojifunza hapa ni kwamba picha haina msimamo wa kudumu. Anayeandika maelezo yake ndiye anayeiamulia ielekee wapi, hadi atakapokuja mwingine mwenye maneno yenye nguvu zaidi.

3.3 Uenezi

Jambo la tatu ni kurudiwa. Picha inayoonekana mara moja husahaulika; inayoonekana mara mia huwa sehemu ya fanicha ya akili. Baada ya ghasia za mwaka 2007 na 2008, Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard, alianzisha mwaka 2009 maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Picha zilitolewa magazetini na kutundikwa hadharani, katika miji, ili wapita njia wazitazame bila kulipa. Tendo hilo liliongeza maisha ya picha ambazo zingebaki katika makavazi ya magazeti.

Hata hivyo, uenezi una njia nyingine ambazo wataalamu wa habari huzisahau. Vijijini Kitui na Makueni gazeti halifi siku ya pili. Hufungiwa nyama buchani, hubandikwa ukutani ndani ya kibanda cha kinyozi, hutandikwa kabatini, na hujalidia daftari la mtoto. Picha huendelea kutazamwa na watu ambao hawakulinunua gazeti na pengine hawawezi kulisoma. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na simu. Picha za askari wakimpiga mateke mwandamanaji aliyeanguka jijini Nairobi tarehe 16 Mei 2016, na zile za waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 Juni 2024, zilifika vijijini kabla ya gazeti kuchapishwa. Tofauti ni kwamba simu huleta picha nyingi mno kwa pamoja, na kila mpya huisukuma iliyotangulia. Gazeti la ukutani lilikaa mwaka mzima.

3.4 Jina

Jambo la nne, ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili, ni jina. Hapa Ukambani ina somo la kutoa, kwa sababu Wakamba walikuwa na ustadi wa kuunda alama za aina hii kabla kamera haijawafikia. Njaa kuu za Ukambani huitwa kwa majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 huitwa Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali. Ile ya mwaka 1961 huitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ile ya mwaka 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika: mtu ana fedha mkononi, lakini hakuna chakula cha kununua.

Tuyatazame majina hayo kama wahakiki. Nikw'a Ngwete haitaji idadi ya waliokufa, haitaji serikali, wala haitaji ukame. Inaonyesha mkono uliofumbata sarafu. Ni picha moja, iliyopigwa kwa maneno mawili, na ndani yake mna uchumi, mna siasa ya ugavi wa chakula, mna uchungu wa mtu mmoja. Mzee wa Mutomo na mama wa Kibwezi wakilitaja jina hilo, wanatazama kitu kimoja. Jamii imeikubali, imeirudia, na imeirithisha watoto ambao hawakuwapo. Masharti yote ya Hariman na Lucaites yametimizwa pasipo kamera.

Picha za kamera nazo huvuka zinapopata jina fupi la mdomoni. Watu hawasemi "ile picha iliyochapishwa tarehe fulani". Husema "ile ya Njoya", "ile ya mtoto wa Westgate". Picha isiyo na jina haiwezi kuombwa, kukumbushwa wala kusimuliwa. Hufa kimya kimya.

4. PICHA AMBAZO HAZIKUVUKA: WOTE NA KANYONYOO

Sasa tuupime mtazamo huu kwa matukio mawili ya nyumbani.

La kwanza lilitokea Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, tarehe 23 Septemba 2014. Mvutano wa muda mrefu kuhusu bajeti baina ya Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi ulifikia kilele kwa milio ya risasi katika eneo la bunge la kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Picha zilionyeshwa katika runinga na magazeti ya kitaifa. Rais Uhuru Kenyatta aliunda tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga kuchunguza ombi la kuivunja serikali ya kaunti. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais akakataa. Mwaka 2017 wapiga kura walimrudisha Kibwana mamlakani.

Tukio hilo lilikuwa na yote ambayo mhariri angeyataka: bunduki, viongozi, hofu, mchana kweupe. Kwa nini basi hakuna picha moja ya Wote ambayo Mkenya wa Kakamega au wa Lamu anaweza kuitaja? Kwanza, umbo lilikosekana. Hapakuwa na mnyonge mmoja aliyesimama mbele ya mwenye nguvu. Palikuwa na pande mbili, kila upande ukiwa na madaraka, kila upande ukidai kuonewa. Pili, nanga zilikuwa nyingi na zikavutana. Tatu, mambo yaliishia katika ripoti na katika debe la kura, na hakuna aliyehitaji tena kuitumia picha. Kwa kiasi fulani hiyo ni bahati njema. Jamii inayopata njia ya kuamua ugomvi wake haihitaji kuugandisha ndani ya alama.

La pili ni la Kanyonyoo, Kitui. Mapema mwaka 2018, baada ya Gavana Charity Ngilu kupiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti, lori la makaa lilichomwa moto hapo. Picha ya lori likiteketea ilienea, na huko Limuru wafanyabiashara wa makaa wakaandamana na kufunga barabara. Hapa picha ilianza safari ya kuvuka, kwani ilikuwa na mwali, na moto ni umbo linalotambulika na kila mtu. Lakini tazama jinsi ngoma ilivyowambwa. Kwa msomaji mmoja lilikuwa lori la waharibifu wa misitu, na moto ule ulikuwa kilio cha ardhi iliyokauka. Kwa msomaji mwingine lilikuwa riziki ya mtu wa kabila lake iliyochomwa na watu wa kabila jingine. Picha moja ilikuwa inaelekea kuwa alama mbili zenye uadui, katika nchi iliyokuwa na kumbukumbu ya mwaka 2008. Laiti moja ya nanga hizo ingeshika, huenda tungekuwa leo na picha yenye jina, na jina lenye kisasi ndani yake.

Mifano hii miwili inatuonya tusiichukulie safari ya kutoka taswira hadi jazanda kuwa daima ni jambo la heri.

5. GHARAMA YA KUWA ALAMA

Anayegeuzwa alama hulipa. Mbuyisa Makhubo, kijana aliyembeba Hector Pieterson, alisumbuliwa na polisi wa Afrika Kusini, akakimbilia uhamishoni, na familia yake haikumwona tena. Sam Nzima mwenyewe alilazimika kuiacha kazi ya upigaji picha jijini na kurudi kijijini. Eddie Adams, aliyepiga picha ya jenerali akimuua mfungwa kwa bastola mjini Saigon tarehe 1 Februari 1968, alikuja kusikitika hadharani kwamba picha hiyo iliyaharibu pia maisha ya jenerali yule, kwa kuwa haikuonyesha yaliyotangulia. Alama hutaka wahusika wawe wepesi kama wahusika bapa wa hadithi: mwema mtupu au mwovu mtupu. Binadamu halisi hubaki nje ya fremu.

Aidha, kuwa alama si sawa na kuwa ushahidi. Mwezi Januari 2008 runinga ya KTN ilionyesha askari polisi akiwafyatulia risasi vijana katika mtaa wa Kondele, Kisumu. Wakenya wengi waliiona filamu hiyo, nao wakaamini kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Mwaka 2010 mahakama ilimwachilia huru afisa aliyeshtakiwa, kwa sababu ya kutolingana kwa nambari za bunduki iliyofanyiwa uchunguzi na ile iliyodaiwa kuwa yake. Methali husema macho hayana pazia. Ni kweli, macho huona yote. Lakini mahakama haihukumu kwa macho ya umma, na jamii inayodhani kwamba kuona kunatosha huacha kudai uchunguzi unaofaa.

6. KIMYA CHA KITUI KUSINI

Tumrudie jirani yetu. Kwa miaka mingi sehemu za mashariki na kusini mwa Kitui, zinazopakana na Tana River, zimeshuhudia mapambano baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia wanaotafuta malisho na maji. Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya ukame tu, hayahusu siasa. Hatukubaliani nao. Swali la nani ana haki ya kulisha wapi, mpaka wa kaunti upite wapi, polisi wa akiba wawekwe wapi na nani apewe bunduki, ni la kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Vifo hivyo havina picha inayojulikana kitaifa. Kwa kutumia vigezo vyetu vinne, sababu inaonekana. Hutokea mmoja mmoja, usiku au porini, mbali na lami. Mpiga picha akifika, hukuta kaburi na shamba lililoliwa. Umbo halionekani. Maelezo ya gazeti huwa aya tatu katika ukurasa wa ndani. Uenezi haupo. Na jina halijapatikana.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaoamini kwamba dawa ya kimya ni kamera zaidi. Simu zimejaa sasa hata Mutha, na watu wanapiga picha. Kinachokosekana ni hatua ya tatu ya Peirce, yaani makubaliano. Mababu zetu hawakuwa na kamera mwaka 1898, lakini walikuwa na baraza, wimbo na jina. Walijua kukutana na kuuliza: jambo hili tutaliitaje ili wajukuu walione?

Kwa wanafunzi wa Kiswahili tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, picha za habari ziingizwe katika uhakiki wetu kama matini, zisomwe pamoja na maelezo yake, kwa makini yale yale tunayoyatumia katika ushairi. Pili, wanaokusanya fasihi simulizi Ukambani wasiishie kwenye ngano na vitendawili. Waulize pia majina ambayo watu wameyapa matukio ya ghasia, na nyimbo zilizotungwa kuyahusu. Tatu, tunapoiandika au kuinukuu picha ya mtu aliyeuawa, tumpe kwanza maisha yake kabla ya kifo chake. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, picha za miili darasani zilisambaa. Lakini Wakenya wengi waliamua kusambaza badala yake picha za wanafunzi hao wakiwa hai, wakitabasamu, pamoja na majina yao, ili wasibaki kuwa idadi tu. Huo ulikuwa uhakiki wa hali ya juu, uliofanywa na watu wasiojiita wahakiki.

7. HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba picha ya ghasia huwa alama ya kudumu si kwa sababu tukio lake lilikuwa kali kuliko mengine, bali kwa sababu jamii iliitambua sura yake, iliipa maneno, iliirudia na kuipa jina. Kazi hiyo ni ya kifasihi kuliko tulivyozoea kufikiri. Inaweza kumsimamisha aliyelazwa, kama ilivyomsimamisha Kimathi. Inaweza pia kuwasha moto wa pili kutokana na wa kwanza, kama ilivyokaribia kutokea baada ya Kanyonyoo. Na pale isipofanywa, wafu hubaki na wenyewe tu.

Mjane wa jirani yetu bado anayo ile picha iliyokuzwa. Ameitundika sebuleni, juu ya redio. Uso umepauka zaidi, na ukitazama kwa makini utaona upande mmoja sehemu ya muhuri wa serikali iliyokuzwa pamoja naye. Kila mgeni anayeingia huuliza ni nani huyo, naye huketi na kueleza. Kwa sasa yeye ndiye maelezo ya picha hiyo, na ndiye uenezi wake wote.

Tusingoje hadi atakaponyamaza ndipo tuanze kuuliza.